Kona Moja ya Njia ya Umeme

Jumatano, tarehe kumi na mbili Juni. Asubuhi hiyo mvua haikunyesha wala haikuacha kunyesha. Yalikuwa manyunyu tu, mepesi kama unga unaochekechwa, na ukungu ulikuwa umelalia mashamba hata mtu aliyesimama chini ya nguzo moja hakuweza kuiona nguzo iliyofuata.

Mkunga wa zahanati, ambaye kijiji kizima kilimwita Nesi, alikuwa anashuka kilima kurudi nyumbani kutoka zamu. Viatu alivishika mkononi, na tope lilimpenya vidoleni, naye hakujali. Alikuwa amezalisha mapacha kwa mwanga wa kibatari, na mama yao alikuwa mzima. Njia nzima alimshukuru Mungu kwa sauti ya chini, na katikati ya shukrani akachomeka na ombi lake dogo. Aliomba Jumamosi iwe na jua. Jumamosi wazee wa Fundi wangekuja kumposa, na hakutaka waingie uani wamekunja suruali kama wavua kambare.

Fundi alikuja kijijini wakati wa kiangazi pamoja na kikosi cha umeme, kusimamisha nguzo kutoka barabara kuu hadi zahanati kule juu. Kazi yake ilikuwa kupanga mstari. Alipochomeka kigingi, hapo ndipo shimo lilipochimbwa. Shangazi mtu alizoea kusema, "Kijana alikuja kupandisha umeme, akampandisha na mtoto wa watu presha." Nesi aliposikia hivyo alifunika uso kwa kanga, lakini hakukana.

Alipofika uani alimkuta mama yake amewapa mgongo watu wote duniani. Alikuwa ameinama mbele ya ukuta wa nyumba, ndoo ya maji ya sabuni miguuni, anasugua kwa dodoki kwa nguvu ya mtu anayemsugua adui.

"Shikamoo mama."

Mama hakuitikia. Hilo peke yake lilitosha kumfanya Nesi aviweke viatu chini. Akasogea, akaona. Alama nyekundu ya msalaba wa mshazari, kubwa, kutoka usawa wa dirisha hadi karibu na msingi. Sabuni ilikuwa imeifanya rangi ichuruzike, lakini haikuwa imeitoa.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Wewe ndiye uliyesoma. Nisomee."

Kila mtu kijijini aliijua alama ile. Walikuwa wameiona kwenye miti, kwenye ua wa mabua, kwenye banda la kuku la jirani. Kila kilichopigwa alama ile kiliondolewa njiani, kwa sababu nyaya za msongo mkubwa hazipiti juu ya paa la mtu.

"Ni ya kubomoa," alisema.

"Kumbe unajua."

"Nani amechora?"

"Muulize mchumba wako. Nadhani rangi bado imo kwenye kucha zake." Mama alinyoosha mgongo, akamtazama mwanawe kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa makavu. "Jana nimetoka kidogo kwenda kumjulia hali jirani. Narudi, nakuta nyumba yangu imeshapigwa chapa kama ng'ombe wa mnada. Watu wamemwona. Hakuficha hata ndoo ya rangi."

"Labda ametumwa, mama."

"Ametumwa. Sawa. Na juzi alipokaa pale kwenye kigoda cha marehemu baba yako, alitumwa na nani? Akanywa chai yangu vikombe vitatu. Akaniita mama. Akasifu hadi sukari! Mtu anayejua kwamba kesho atakutia chapa, chai inampitaje kooni?"

Nesi aliinua macho ukutani. Matofali ya nyumba ile yalifyatuliwa na baba yake kwa mikono yake, msimu hadi msimu, na lile la juu ya mlango bado lilikuwa na alama ya kidole gumba chake. Mama alijifungulia mle ndani, akafiwa mle ndani, na kila alfajiri alipiga magoti mle ndani kumwombea binti yake apate mume mwema.

Shangazi aliingia uani amembeba mjukuu wake mgongoni, akasimama kuitazama kazi ya wifi yake.

"Wifi, ukiendelea kusugua hivyo utaibomoa mwenyewe kabla hawajafika."

"Niache, wifi. Leo si siku ya utani."

"Kwa hiyo nilie? Machozi ninayo, sema tu nianze." Kisha akamgeukia Nesi na kushusha sauti. "Msimamizi anakuja saa nne, pamoja na mwenyekiti. Kama una la kumuuliza yule mtu wako, kimbia ukamuulize sasa, kabla hajajificha nyuma ya wakubwa."

Nesi hakuvaa viatu.

*

Kikosi kilikuwa juu ya shamba la mahindi, ambako nguzo ya mwisho kabla ya nyumba yao ilikuwa imesimamishwa siku hiyo hiyo. Vibarua walikuwa wanashindilia udongo kwa miti. Mmoja wao alimwona Nesi anavyokuja, akaweka mikono mdomoni na kupaza sauti kuelekea juu.

"Fundi! Shuka, umejiwa na msongo mkubwa! Usiuguse bila glavu!"

Wenzake walicheka. Kicheko kilikatika walipomwona uso.

Fundi alishuka taratibu, vyuma vya miguuni vikiuma mti wa nguzo hatua kwa hatua, mkanda wa kiunoni ukilia. Manyunyu yalikuwa yametanda kwenye nywele zake kama majivu. Alipofika chini alitabasamu, na tabasamu lilikufa kabla halijafika machoni. Nesi aliitazama mikono yake. Wekundu ulikuwapo, umejikunja kando ya kila ukucha.

Walisogea hadi nyuma ya lundo la nyaya.

"Nilitaka kukwambia," alianza Fundi.

"Lini? Paa likishashuka?"

"Nilitaka Jumamosi ipite kwanza."

"Jumamosi ulikuwa unakuja kuposa! Wazee wako ungewakalisha wapi, juu ya kifusi?"

"Nyumba haibomolewi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo..." Alijisikia mwenyewe anavyosema.

"Endelea. Umenipangia hadi siku."

"Nesi, nisikilize. Njia ya umeme inataka kunyooka. Kila unapoipinda unahitaji nguzo nyingine mbili na nyaya nene za kuzishikilia zisianguke. Msimamizi aliniambia tangu mwanzo kwamba stoo ina vifaa vya kona moja tu. Akasema, nakuachia wewe mpanga mstari, chagua mwenyewe kona yako ikae wapi."

Nesi alisogea hatua moja karibu.

"Na ukaichagua wapi?"

Fundi aliangalia pembeni, kuelekea bondeni, ambako ukungu ulikuwa umeanza kupasuka na mikaratusi mirefu ilichomoza kama meno ya kitana.

"Kwa Mzee wa Mashine," alisema Nesi. Mzee wa Mashine ndiye mwenye kinu cha kusaga, na miti ile ilikuwa yake. "Umeipindisha njia kwa ajili ya miti."

"Alikuja pale tulipokuwa tunachomeka vigingi. Kikosi kizima kipo. Akasema, 'Fundi, niokolee miti yangu, au kona umeshamwekea mama mkwe?' Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema ndiyo, hapa umeme unafuata penzi. Kila siku walikuwa wananiimbia hivyo. Nami nikaona nikiibakiza ile kona hadi kwenu, watasema nimehonga kazi kwa mapenzi. Nikachukua kigingi nikakichomeka palepale, mbele yao."

"Ili wasikucheke."

"Ili jina langu liwe safi. Ni jina hilohilo ambalo ningekupa wewe."

Nesi alitaka kucheka, kikatoka kitu kama kikohozi. Alimtazama mwanamume yule ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa amelitia jina lake kwenye kila sala, mara nyingine kabla hata ya jina la mama. Tone la manyunyu lilikuwa limening'inia kwenye kope yake ya kushoto. Mkono wa Nesi uliinuka wenyewe kwenda kulifuta, naye akaupeleka kichwani kurekebisha kitambaa ambacho hakikuwa kimelegea.

"Mimi sikukuomba upinde njia," alisema. "Ungekuja ukaniambia, mpenzi, nilikuwa na kona moja nami nikaitupa kwa hofu ya kuchekwa. Ungekaa kwenye kigoda kilekile ukamwambia mama, mama nimekukosea. Angekutukana wiki nzima, hata majina ya babu zako asingeyabakiza. Halafu angekutengea chai. Mimi namjua mama yangu. Lakini wewe ulikunywa chai kwanza."

"Namwogopa mama yako kuliko waya ulio hai."

Siku nyingine angecheka. Fundi mwenyewe aliona kwamba si siku nyingine.

"Niambie la kufanya," alisema, na sauti ilikuwa imepungua. "Niambie ning'oe vigingi, nitang'oa sasa hivi. Wanifukuze kazi. Nitalima."

"Ukiving'oa, njia itaishia wapi?"

Fundi aliitazama nguzo.

"Nimekuuliza. Itaishia wapi?"

"Hapa. Chini ya nguzo hii. Kazi ikikwama, kikosi kinahama wiki hiihii, kinakwenda wilaya nyingine. Kurudi ni majaliwa."

"Na zahanati?"

Fundi aliinamisha kichwa. Zahanati ilikuwa juu ya kilima, na nyumba ya mama ilikuwa katikati ya hapo na kilima.

"Basi usiniambie utang'oa," alisema Nesi. "Unaniachia mimi niseme hapana, halafu wewe ubaki mtu mzuri. Hivyohivyo ulivyofanya kwa mama."

Akageuka. Nyuma yake alisikia jina lake likiitwa mara moja, jina lake lenyewe, ambalo Fundi peke yake alilitumia. Akaenda bila kugeuka, maana aliijua shingo yake. Ingegeuka mara moja, miguu nayo ingeifuata.

*

Saa nne uani palikuwa pamejaa. Msimamizi alikuja na mwavuli, mtu mnene mwenye adabu, akampa mwenyeji mkono kwa mikono miwili. Mwenyekiti wa kijiji alikaa kwenye benchi, majirani wakasimama ukutani, mbali na ile alama, kana kwamba ingewapaka. Fundi alisimama nyuma ya wote.

"Mama," alisema msimamizi, "utaratibu wetu ni mmoja. Hatugusi paa la mtu mpaka mwenye nyumba atamke kwa kinywa chake, mbele ya jamaa zake na kiongozi wa kijiji, kwamba ameridhia. Ukikataa, tunafunga mizigo, hakuna wa kukulaumu. Ukikubali, utajengewa nyumba nyingine kando ya barabara kabla ya mvua za vuli. Nakuhakikishia."

"Nyumba yenye kidole cha mume wangu mtaijenga na nani?" aliuliza mama.

Msimamizi alifunga mwavuli, ingawa manyunyu hayakuwa yamekwisha.

Mwenyekiti alikohoa. "Mama yetu, fikiria kijiji."

"Kijiji kilinifikiria lini? Kilipokuwa kinacheka kwenye miti ya Mzee wa Mashine?" Habari zilikuwa zimeshafika, kwa maana vibarua nao wana midomo. "Nasikia kona ilikuwepo. Nasikia iligawiwa kwa utani. Haya, chekeni na leo."

Hakuna aliyecheka. Ndipo shangazi alipofungua kanga, akamshusha mtoto mgongoni na kumsimamisha chini. Mtoto aliyumba kidogo, akashika goti la bibi yake.

"Wifi," alisema, na safari hii hapakuwa na mzaha hata chembe. "Unajua mwanangu alivyokufa. Alijifungua salama, damu ikakataa kukatika. Nesi ana tochi ya simu mdomoni, mikono yote miwili kazini, na simu ikazima. Mimi nilikuwepo. Nilimsikia mwanangu akiuliza, mama, mbona giza? Nilijua anasema giza la chumba. Mpaka leo sijui alisema lipi." Akajifuta pua kwa pindo la kanga. "Sikuombi nyumba yako, wifi. Nimekuonyesha mtoto tu."

Mama alimtazama mtoto. Nesi aliangalia chini. Alikumbuka alivyopapasa kwenye giza lile akitafuta mshipa kwa vidole, akimwita Mungu kwa sauti ya mtu anayemwita jirani wakati wa moto.

"Nyumba nitaitoa," alisema mama.

Pumzi ikapita uani. Msimamizi alifungua kinywa kushukuru, mama akamwinulia kiganja.

"Sijamaliza. Nitaitoa kwa ajili ya marehemu, na kwa ajili ya wale wanaokuja kujifungua. Lakini siwezi kutoa vitu viwili kwa mtu mmoja. Kijana huyu hawezi kuchukua binti yangu Jumamosi, na siku chache baadaye achukue nyumba yangu. Kimoja kinatosha. Na binti aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, kama mnavyonitaka mimi niseme."

"Mama, mambo ya ndoa siyo ya mkutano huu," alisema mwenyekiti.

"Na nyumba yangu ilikuwa ya mkutano upi?"

Fundi alipenya katikati ya watu akaja mbele. Alipiga magoti kwenye tope, kofia ya kazi mkononi.

"Mama, nimekukosea. Nihukumu mimi. Usimhukumu yeye."

"Leo umepata ulimi." Sauti ya mama ilitetemeka kidogo, na wote wakaisikia. "Baba, kama ungesema maneno hayo juzi, kwenye kigoda kile, ningekupiga na mwiko nikakusamehe. Lakini ulisubiri nitoke, ukampiga chapa asiyekuwepo. Mume wa hivyo, siku mwanangu akiwa hayupo, atamchorea nini?"

Kisha mama akamgeukia Nesi.

Nesi alifumba macho. Alimwomba Mungu njia ya tatu. Alimwomba haraka na bila adabu, kama mtu anayebisha mlango usiofunguliwa. Mungu hakumkemea, wala hakumpa njia ya tatu. Alisikia manyunyu kwenye paa la bati, na mtoto wa binamu yake akiguguna kitu.

Alipofumbua macho, Fundi alikuwa anamtazama kutoka chini. Hakuwa na uso wa kazini wala ule wa kuchekesha watu. Alikuwa na ule uso aliouonyesha mara moja tu, jioni aliyomwambia kwamba angependa watoto wao wasomee mezani, kwenye mwanga, si kando ya moto.

"Kataa," alimwambia kwa sauti ya chini. "Kataa, nami nitatafuta nguzo, hata kama ni kuziiba. Nipe mwezi mmoja."

"Wiki hii nina wajawazito wawili ambao miguu imeshavimba," alisema Nesi. "Mwezi wako niwaambie wausubiri?"

Fundi alifunika uso kwa kofia.

"Mwanangu," alisema shangazi, akamshika mkono. "Huna haja. Wifi, mwachie mtoto, hasira yako itakuja kukutoka wewe na kumbakia yeye."

"Aseme," alisema mama. Lakini alisema huku akiangalia pembeni.

Nesi aliutoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa shangazi. Akasogea mpaka katikati ya ua, mahali ambapo kila mtu angemsikia, msimamizi, mwenyekiti, majirani na vibarua waliokuwa wamefika na kusimama nje ya ua na makoleo yao. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ile anayoitumia anapomwambia mtu kwamba mgonjwa wake ametutoka.

"Mungu ndiye shahidi wa kwanza, na nyinyi nyote ni mashahidi. Naahidi kwamba huyu hatakuwa mume wangu. Sitamfuata anakokwenda, wala sitamsubiri arudi. Mwenyekiti, umesikia?"

"Nimesikia," alisema mwenyekiti, kwa shida.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia, mwanangu." Mama alinyoosha mkono kumgusa bega, uso wake ukianza kulainika. "Mungu atakupa aliye bora. Nitakuombea."

Nesi alirudi nyuma hatua moja, mkono wa mama ukabaki hewani.

"Basi sikia na hili, mama, maana mashahidi bado wapo. Usiniombee mwingine. Naahidi mbele yao wote: nimempenda huyu, na baada yake hakuna atakayekuita mama mkwe."